Sufuria ya Mama na Simu ya Kambale

Nairobi, Jumapili, baada ya misa ya pili

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikiomba barua hii ikukute unapumua vizuri, mguu umepungua kuvimba, na usingizi umerudi japo kidogo. Kaka Paluku aliniambia kwamba tangu mkimbilie kwake Butembo unakula matonge mawili ya bugali halafu unasukuma sahani. Kula, Mama. Usimpe shetani furaha ya kukuona umekonda. Mimi mwilini ni mzima, na zaidi ya hapo sina la kusifu.

Kabla ya neno lingine lolote: anayekusomea ni Kavira, na ni mimi niliyemtuma. Usimgombeze Paluku kwa kumfungulia mlango, wala usimfukuze kabla hajamaliza. Baba Saidi, yule mfanyabiashara wa Beni anayefika huku kununua vitambaa, amekubali kumpitia kwa wazazi wake na kumleta Butembo kwa gari lake. Najua uliapa kwamba hutaki kumwona tena mke huyu wa marehemu mwanao. Msikilize kwanza. Na wewe Kavira, shemeji yangu, soma kila neno, hata yale yatakayokuuma. Usiruke hata moja.

Mama, miaka miwili hii nimekuwa nikikwambia nafanya kazi ya kompyuta, na wewe ukawaambia majirani kwamba mwanao anatengeneza kompyuta. Sikukusahihisha, kwa sababu ilinipendeza. Ukweli ni kwamba kutwa nzima nakaa kitini na visikilizio masikioni, nasikiliza sauti. Ni sauti fupi, sekunde chache tu kila moja: mbwa anabweka, mlango unafungwa, mvua inapiga bati, mtu anapasua kuni. Nikiisikia naiandikia jina lake, halafu inakuja nyingine. Ndiyo kazi yote. Tuko vijana arobaini ukumbini, na wenzangu wakichoka hujiburudisha kwa kucheka Kiswahili changu cha Kongo.

Tunachofanya ni kuifundisha kompyuta itambue sauti za kila siku. Yenyewe haijui kitu, hata mvua haijui. Unailisha sauti elfu za mvua, kila moja imeandikwa "mvua", nayo inatafuta zinafanana wapi. Baadaye ukiipa mvua ya mahali pengine, mvua ambayo haijawahi kuisikia, inakisia yenyewe kwamba hii nayo ni mvua. Hukisia vizuri ajabu. Lakini jina utakaloiandikia ndilo itakaloshika. Ukiisikilizisha mbuzi ukaandika mbwa, mbuzi huyo atabaki mbwa. Haina moyo wa kukuuliza, "Wewe Kasereka, una hakika?"

Na kazi hii yote ilikuwa kwa ajili ya watu wasiosikia. Wakubwa walitaka kutengeneza simu ambayo kiziwi ataiweka mfukoni, isikilize badala yake, na kila ikitambua sauti imtetemeshe na kumwandikia kwenye kioo: mtoto analia, mlango unagongwa. Ikiwa ni hatari, imtetemeshe kwa nguvu bila kukoma mpaka aitazame. Nilipoelezwa hivyo siku ya kwanza nilitoka nje nikalia kwa furaha, maana mawazo yangu yote yalikwenda kwa kaka yangu Kambale.

Unaijua kuliko mimi sheria ya nyumba yetu kule karibu na Mangina. Atakayewaona wale watu wa msituni wakija na mapanga anakamata sufuria na kuipiga. Jirani akisikia anapokea na yake, na mwingine, mpaka mtaa mzima unajua, na kila mtu anakimbia. Kwetu lakini hakuna aliyekimbia kabla ya kumtafuta Kambale na kumgonga shingoni mara mbili, ishara kwake ya kukimbia. Kwanza Kambale, halafu miguu. Wewe ulirudi mara mbili kwa ajili yake. Kavira alirudi tumbo likiwa la miezi minane. Mimi huku kila nikipata habari hizo niliona waziwazi kwamba siku moja nitaletewa misiba miwili katika simu moja.

Kwa hiyo niliitaka ile simu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Mkuu wa mradi alitutangazia kwamba zipo chache za kujaribiwa, na zitapewa wafanyakazi wenye ndugu viziwi, mradi kazi yao iwe safi. Mwenye makosa zaidi ya mawili kwenye karatasi ya mwezi asijisumbue kuomba.

Wakati ule ndipo nilipowaomba sauti za nyumbani, kwa sababu za huku zilikuwa nyingi na za kwetu hazikuwepo. Kavira alishika simu, wewe ukaosha vyombo. Unakumbuka ulivyonisema?

"Weye Kasereka, ni mashini ya namna gani yenye haijue mulio ya sufuria? Kavira, umwambie aende kuonesha masikio yake ku dokta!"

Ukacheka, ukapiga mfuniko mara mbili zaidi ili mashine ishibe. Nikaiandika "jikoni", na hapo sikukosea. Ilikuwa jikoni kweli.

Wiki chache baadaye ilinijia sauti nyingine. Sijui ilirekodiwa wapi, pengine kwetu, pengine kwa watu wengine wenye shida kama yetu. Kabla sekunde ya pili haijapita miguu yangu ilikuwa imeshasogea chini ya meza. Ni masufuria, moja karibu, moja mbali, nyingine mbali zaidi, zikipokezana. Mama, ungeisikia ungesimama hapo ulipo. Katika orodha ya majina niliyopewa hapakuwa na jina la kitu hicho. Nikachagua "hatari", jina lililowekwa kwa ajili ya risasi na ving'ora.

Msimamizi wetu akairudisha. Si mwanamke mbaya, usimfikirie vibaya.

"Kasereka, hii ni sufuria," akasema.

"Ni sufuria, lakini watu wanakimbia."

"Wanakimbia wapi? Mimi sisikii mtu akikimbia. Mwongozo unasema vyombo vikigongana ni jikoni. Kama unaona mwongozo umekosea, jaza fomu, wakubwa wataangalia. Lakini kwa sasa nitaiandika kosa."

Hilo lingekuwa kosa la tatu. Majina ya watakaopata simu yalikuwa yatoke Ijumaa. Ile fomu ilikuwa kurasa tatu za Kiingereza, na jibu lake lingekuja baada ya mwezi, kama lingekuja. Nikajiambia: Kambale apate simu kwanza, mambo ya majina nitayatengeneza baadaye. Nikafuta "hatari". Nikaandika "jikoni". Zilikuja nyingine za namna ile kumi na sita, na zote niliziandika jikoni, hizo za mwisho bila hata kusimamisha mkono.

Ijumaa jina langu likatoka. Nilirukaruka kama mwehu. Na simu ilipofika kwenu mlifurahi wote, hilo hamwezi kulikana, na mimi sitalikana. Kambale alinipigia ile ya kuonana uso, akanionyesha simu, akanionyesha mtoto kitandani, akajipiga kifua: nimemfikia mtoto kabla ya mama yake kuamka. Miaka ishirini na saba tangu ile homa ilipomziba masikio, na hapo ndugu yangu anacheka machozi kwa sababu amejua mtoto wake analia. Nilijiona mtu mkubwa sana siku ile. Nilinunua soda kwa ukumbi mzima.

Ndipo nikatoa amri yangu. Ulisikia mwenyewe, simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu mezani. Nikasema msirudi tena kumtafuta Kambale, simu itamwambia, sufuria zikilia kila mtu akimbie palepale alipo. Kavira peke yake ndiye aliyekataa.

"Shemeji, miye niko naogopa. Telefone ni kitu tu. Na kama inakosea?"

"Itakosea vipi," nikamjibu, "na ni mimi niliyeifundisha?"

Nilicheka, Mama. Kavira, soma hapo tena: nilikucheka.

Utaniuliza kwa nini hatukuijaribu. Tulijaribu mlango, tulijaribu mtoto, mbwa, mvua, hata pikipiki ya jirani. Sufuria hatukuijaribu, kwa sababu kwetu hakuna anayepiga sufuria kwa mchezo. Ungeipiga mara tatu tu, mtaa wote ungekuwa barabarani na wagonjwa migongoni, na kesho yake nani angekuamini? Katika sauti zote za nyumbani kwetu, ni hiyo moja ambayo haifanyiwi majaribio. Nililijua hilo, na kilichoandikwa ndani ya ile simu nilikijua pia, ila sikuyaweka mawili hayo pamoja kichwani. Au niliyaweka nikayaondoa haraka.

Asubuhi ile ya Jumamosi siwezi kukusimulia wewe uliyekuwepo. Kambale alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye meza yake ya useremala, anatengeneza mlango. Kavira alikuwa kwenye chemchemi na mtoto mgongoni. Ulisikia za majirani, ukachukua yako ukapiga, ukapiga kuliko siku zote ili simu isikie vizuri, halafu ukakimbia kama nilivyowaambia. Na Kavira alikimbia kutoka chemchemini kama nilivyowaambia. Kambale hakuja. Wale watu walimkuta pale kwenye meza yake, wakamuua, wakaichukua simu.

Katika matanga shangazi alipiga kelele mbele ya watu wote. Paluku alinirudia maneno yake: "Bibi yake, huyu Kavira, hakuweka telefone ku sharje! Donc ni yeye alimuua!" Wakamuuliza Kavira kama aliichaji Ijumaa. Naye, kwa sababu alikuwa amelia mpaka kichwa kimekuwa kizito, akajibu ukweli wa saa ile: "Sikumbuke muzuri." Basi ikawa imekwisha. Wewe Mama ukasema, "Hapana, asikale pa mukeka yangu." Mjane akatolewa kwenye matanga ya mume wake, akarudi kwao Beni na mtoto mgongoni. Vyombo vya useremala mkavifungia kwa Paluku.

Sasa nisikilize. Simu ilikuwa imechajiwa. Betri ilikuwa imejaa. Kavira aliichaji.

Ninajua kwa sababu simu zile za majaribio, kila zikipata mtandao, hutuma kazini kwetu orodha ya zilichokisikia. Siku ya nne baada ya msiba niliitafuta ya Kambale nikaifungua. Ya Jumamosi ilikuwepo. Imeandikwa: nyundo. Nyundo. Kuku. Nyundo. Halafu imeandikwa: jikoni. Nyundo. Jikoni. Jikoni. Nyundo. Jikoni. Ukurasa mzima umejaa jikoni, Mama, na katikati yake nyundo ya kaka yangu, maana aliendelea na kazi. Masufuria ya mtaa mzima yalikuwa yanamwita, na la kwako likiwa karibu kuliko yote, na kila alipotazama kioo aliambiwa kwamba mnapika. Baada ya hapo nyundo haipo tena.

Hiyo ndiyo habari. Si Kavira, si betri, wala si wewe uliyepiga sufuria ukakimbia. Ni mimi. Nilijua sauti ile ni nini na nikaiandikia jina lingine, kwa sababu nilitaka simu.

Na kuna baya zaidi. Niliifungua orodha hiyo siku ya nne, na sasa ni miezi mitano. Miezi mitano nimeongea nanyi, nimesikia Kavira akitajwa kwa majina ambayo siwezi kumpa ayasome, nami nikasema "pole", nikauliza habari za mvua. Niliogopa. Nilijiambia kwamba Mama amempoteza mtoto mmoja, akijua haya atakuwa amepoteza wawili. Nilikuwa najidanganya kwa maneno mazuri. Nilichokiogopa ni macho yako.

Kilichonivunja ni Kavira mwenyewe. Wiki iliyopita aliniandikia ujumbe mfupi kutoka kwao: "Shemeji, unisamehe. Nimefikiri sana. Pengine kweli sikuichaji." Mimi ndiye wa kuombwa msamaha! Niliuweka uso mezani mbele ya watu wote arobaini, na msimamizi wetu akaja kuuliza naumwa nini. Nikamweleza. Akaniletea chai, akalia kidogo pia. Siku mbili baadaye wakubwa waliongeza jina jipya kwenye orodha, la sufuria za kuwaambia watu wakimbie. Hakuna aliyejaza fomu. Wakanipa sauti zote za zamani nizisikilize upya, kwa kuwa mimi ndiye ninayeweza kuzitofautisha.

Kwa hiyo hiyo ndiyo kazi yangu sasa, toka asubuhi hadi jioni, masufuria. Juzi walinionyesha mashine ikijaribiwa na ikatambua vizuri, wakapiga makofi. Nilitoka nje kabla hawajamaliza. Sasa inajua, na Kambale amelala chini ya udongo wa Mangina. Siachi kazi hiyo. Sijui kama ninaifanya kwa toba au kwa woga wa kurudi nyumbani, na padri niliyemwuliza huku naye hakujua. Kusali siwezi. Misa hii niliyotoka nilisimama tu na watu.

Sikuombi unisamehe, Mama. Ninakuomba vitu vitatu ambavyo si vyangu. Kavira arudishiwe mkeka wake wa mjane, na watu walioona akitolewa waitwe waone akirudi. Vyombo vya Kambale apewe yeye, amtunzie mtoto. Na kaburini apelekwe, maana hajaliona. Ile hasira yote uliyomwekea, usiimwage chini. Nihifadhie mimi mwenyewe, nitakuja kuichukua.

Nisalimie kaka Paluku, mkubwa wetu, na mkewe aliyewapokea wote katika vyumba viwili bila kunung'unika. Nisalimie shangazi, msimfiche barua hii, asomewe na yeye, nami simchukii, alisema alichoamini. Nisalimie majirani waliokimbia pamoja nawe wakakushika mkono mpaka Beni. Mjukuu wako, binti wa Kambale, mnibusie kichwani. Baba Saidi mpeni chakula kabla hajaondoka. Wasingya, asante kwa yote uliyonifanyia tangu kunizaa.

Limebaki moja. Bahasha hii niliibandika mwenyewe, na nikamwomba Kavira asiifungue mpaka aketi mbele yako. Alichoambiwa ni kwamba ni barua ya kusomwa, basi. Kwa hiyo hakuja kujitetea, Mama. Alikuja akidhani anabeba hukumu yake, na akaja vilevile kwa sababu nilimwomba. Miezi mitano amelala akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mume wake, na pale juu aliposoma kwamba betri ilikuwa imejaa, ndipo alipoujua ukweli, kwa sauti yake mwenyewe, wewe ukimsikiliza. Sijui kama ameweza kufika hapa. Kama amenyamaza njiani, Paluku ndiye anayemalizia. Basi mimi mniache kwanza. Mshike yeye.

Mwanao,
Kasereka